Kupa, kutoa au kupeana? Kitenzi kinachozua utata katika miji ya Mlima Kenya

ABIRIA anayepanda matatu mjini Nyeri kuelekea Karatina au Nairobi hachukui muda mrefu kabla ya kumsikia utingo akitoa agizo lake la kawaida: “Peaneni pesa!” Hakuna abiria anayemgeukia jirani yake na kumtilia noti mkononi. Kila mmoja anaelewa kwamba nauli inatakiwa, na kwamba anayeitaka ni utingo mwenyewe. Hata hivyo, kwa mizani ya Kiswahili sanifu, utingo huyo amewaagiza abiria wagawiane pesa wao kwa wao, naye abaki mikono mitupu mlangoni.

Kitenzi hiki cha kupeana kimeenea Othaya, Mukurweini, Kerugoya, Kutus, Embu hadi Nanyuki, na hakikuishia katika vituo vya magari. Chifu “alipeana” barua. Mwalimu “amepeana” kazi ya nyumbani. Mbunge “atapeana” hotuba. Shahidi “alipeana” ushahidi wake mbele ya hakimu. Taarifa za namna hiyo hufika katika dawati la uhariri karibu kila juma, na si kutoka kwa wanagenzi pekee. Wapo waandishi waliohitimu vyuo vikuu, wanaoandika sentensi safi kabisa kuhusu bajeti ya kaunti, lakini wakifika mahali pa kutoa kitu huteleza.

Maelezo yanayotolewa aghalabu ni kwamba kosa hili limeletwa na Kiingereza. Inadaiwa kuwa mwandishi huwaza “give” kichwani, kisha hutafuta neno moja la Kiswahili la kulibeba. Maelezo hayo yana ukweli, ila ni nusu tu. Nusu nyingine iko karibu zaidi na nyumbani.

Kwanza tukitazame kitenzi chenyewe. Kiswahili kimegawa kazi ya utoaji baina ya vitenzi viwili. Kitenzi -pa humtazama anayepokea, nacho -toa hukitazama kinachoondoka. Ndiyo maana -pa hakikubali kusimama bila kumtaja mpokeaji ndani yake: alinipa, nitakupa, wamempa, tupeni. Wanafunzi wa shule za upili watakumbuka kwamba mpokeaji huyo huitwa shamirisho kitondo, na kwamba katika vitenzi vingi anaweza kuwepo au asiwepo. Katika -pa hana budi kuwepo. Mtu akithubutu kumwondoa na kuandika “baba alipa pesa,” sentensi haitakataa kusomeka, bali itasomeka vingine kabisa: msomaji ataelewa kwamba baba analipa.

Hapo ndipo pia ilipo siri ya jambo linalowasumbua wengi katika mitihani. Vitenzi vya silabi moja kama -la na -nywa hubakiza ku- katika nyakati fulani, nasi husema anakula na anakunywa. Kwa nini basi hatusemi “anakupa mtoto chakula”? Kwa sababu nafasi hiyo imekwisha kukaliwa na kiwakilishi cha mpokeaji: anampa. Ku- inayosikika katika “anakupa” ni wewe msomaji, wala si ile ya anakula.

Kitenzi -toa hakina masharti hayo. Ni ndugu wa -toka, na maana yake ya asili ni kukifanya kitu kitoke ndani kije nje. Kwa hiyo hutoshelezwa na kitu chenyewe: kutoa hotuba, kutoa ushahidi, kutoa amri, kutoa mfano, kutoa sababu, kutoa mchango. Nani amepokea? Inaweza kutajwa, inaweza isitajwe. Wahenga waliposema kutoa ni moyo, si utajiri, hawakumtaja mpokeaji hata mmoja, na hekima yao haikupungua. Lakini waliposema akupaye kisogo si mwenzio, walilazimika kumweka mtu ndani ya kitenzi, kwa kuwa kisogo hakitolewi hivi hivi, hupewa mtu.

Fauka ya hayo, -pa kina wana wake. Mpaji ni yule mwenye kupa, na Waswahili wanapomtaja Mungu kwa sifa hiyo hakuna anayeuliza ni mpaji wa nini. Kipaji ni kile alichopewa mtu tangu kuzaliwa. Inapendeza kuona kwamba Kikuyu, kwa njia yake yenyewe, kina kĩheo, yaani zawadi, kutokana na kitenzi hicho hicho cha kupa.

Sasa tuje kwa huyu peana. Kiambishi -an- katika Kiswahili sanifu ni cha kauli ya kutendana: pendana, saidiana, andikiana. Wachezaji wanaomaliza mechi katika uwanja wa Ruring'u hupeana mikono, kila mmoja akimpa mwenziwe na kupewa naye. Walinzi wawili hupeana zamu. Majirani hupeana habari. Panapokosekana pande mbili, kupeana hakuna. “Karani alipeana hongo” ni sentensi kilema. “Karani na mkandarasi walipeana hongo” ni sentensi timamu, ila inamshtaki kila mmoja wao kwa kumhonga mwenziwe, jambo ambalo huenda mwandishi hakulikusudia na mawakili wa watu hao watalichukulia kwa uzito.

Mizizi ya mlimani

Watu wa Nyeri walitoa wapi basi peana isiyo na pande mbili? Jibu limo katika lugha waliyonyonya. Katika Kikuyu, kũhe ni kumpa mtu. Kũheana ni kutoa, pasipo kumtaja anayepokea. Mama humpa mtoto chakula, na hapo ni kũhe. Kanisa likigawa chakula kwa wenye njaa, huo ni ugawaji kwa jumla, na hapo ni kũheana. Kwa maneno mengine, tofauti ambayo Kiswahili huionyesha kwa kubadilisha kitenzi, kutoka -pa hadi -toa, Kikuyu huionyesha kwa kukiongezea kitenzi kile kile kiambishi -an-.

Wala si ajabu kwamba maneno haya mawili yanafanana. Kikuyu na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja wa Kibantu, na mahali ambapo Kiswahili kina p, Kikuyu mara nyingi kina h. Mkulima wa Kiswahili hupanda, wa Kikuyu hũhaanda. Mafuta hupakwa upande mmoja, upande wa pili ni kũhaka. Mpaka wa shamba ni mũhaka. Hivyo kũheana ikivushwa kwa daraja hilo hilo inatua kwenye kupeana bila kikwazo. Mzungumzaji hajatafsiri, amebadilisha sauti moja tu, na neno alilolikuta ng'ambo lilikuwepo tayari, likiwa na sura ile ile lakini kazi tofauti.

Ushahidi kwamba hapa pana sarufi, wala si uzembe, unapatikana katika vitenzi vingine. Katika miji hii utasikia mtu akionywa kuwa “mbwa huyo anaumana,” ilhali mbwa yuko peke yake nyuma ya lango. Utasikia wanafunzi wakinong'ona kwamba mwalimu fulani “anachapana.” Mwenye Kiswahili cha Mvita akisikia hivyo atauliza mbwa mwingine yuko wapi, au ni nani huyo anayemrudishia mwalimu viboko. Lakini Mkikuyu anasema kũrũmana kwa mbwa mwenye tabia ya kuuma watu, na mwuaji humwita mũũragani, akiwa na -an- hiyo hiyo ndani yake, bila kumaanisha kwamba wauaji walikuwa wawili. Kiambishi hicho hubeba maana ya kuwatenda watu kwa jumla. Ule utendanaji wa pande mbili Kikuyu aghalabu huutambulisha kwa umbo jingine, kama katika gũteithania, yaani kusaidiana.

Na Waswahili wasijione wamesalimika sana. Kitenzi tukana kinaishia kwa -ana, na kila mtu anajua kwamba mtu mmoja anaweza kumtukana mwingine asiyefungua kinywa.

Yamkini mwalimu atauliza iwapo ni haki kumwadhibu mtoto wa Tetu au Mathira kwa kusema neno ambalo mantiki yake ni kamili katika lugha ya mama. Kwa maoni yangu, kalamu nyekundu ni lazima, kwa sababu mtahini wa KCSE hatamwonea huruma, lakini iambatane na maelezo. Mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba “peana ni makosa” ataikimbilia “pea,” aandike “alimpea kitabu,” na hapo atakuwa ameruka mkojo na kukanyaga kinyesi. Akielezwa kwamba kũheana ni kutoa na kũhe ni kupa, ataelewa kwa siku moja, maana anachofundishwa anakijua tayari kwa jina jingine.

Kiingereza na nomino zake

Tukirejea kwa Kiingereza, lawama yake ni ya namna nyingine. Kiingereza hakikuleta peana, bali kimeipanulia mipaka.

Mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, katika sarufi yake kubwa ya Kiingereza iliyoanza kuchapishwa mwaka 1909, alionyesha kwamba Kiingereza kinapenda kuchukua kitenzi cha kawaida sana, kukiondolea sehemu kubwa ya uzito wake, kisha kuitwika nomino inayokifuata mzigo wa maana. “Give” ni mmoja wa wapagazi hao waliopunguziwa mzigo. Mwingereza “hutoa” teke, kicheko, tabasamu, ukelele, simu, jaribio. “Hutoa” hata uzazi. Katika yote hayo hakuna kitu kinachohama kutoka mkono hadi mkono. Anachokipata kwa mbinu hiyo ni kipimo: kupiga kelele kunaweza kuendelea mchana kutwa, lakini “to give a shout” ni ukelele mmoja, ulioanza na kwisha.

Kiswahili kina wapagazi wake, ila si hao. Mpagazi wetu mkuu ni -piga. Tunapiga simu, teke, kelele, picha, pasi, kura, hatua, hodi, hata marufuku. Nyuma yake yupo -tia: tunatia moyo, sahihi, shaka, chumvi katika mazungumzo. Yupo -kata: tunakata tamaa, shauri, rufaa, tiketi. Kwa hiyo anayefasiri neno kwa neno kutoka Kiingereza atatwika mzigo punda asiyehusika. “Nipe simu kesho” kwa Mswahili wa Lamu ni ombi la kukabidhiwa chombo chenyewe. Atashangaa iwapo kesho yake simu yake italia na mwenye kuomba asitokee.

Baadhi ya mafungu haya ya Kiingereza hayahitaji mpagazi hata kidogo, kwa kuwa Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotosha. Alama ya barabarani inayomtaka dereva awaachie wengine njia ni kupisha. Mama “haatoi” mtoto, huzaa, na kwa heshima husemwa kuwa amejifungua, kana kwamba alikuwa amefungwa na sasa yu huru. Anayeiacha sigara huacha. Anayeshindwa katika mabishano husalimu amri. Anayevujisha siri huifichua. Kiingereza kina “give” katika kila moja ya hayo, likisindikizwa na neno dogo la mbele au la nyuma, na ni kosa kudhani kwamba kwa sababu Mwingereza ana mlango mmoja, basi sisi nasi tuingie sote kwa huo huo.

Kanisani mambo yamechangamka zaidi. Katika makanisa mengi ya eneo hili muumini husimama “kurudisha shukrani.” Kiingereza hapa hakina hatia, kwani Mwingereza angesema “give thanks.” Ni Kikuyu kinachosema gũcookia ngaatho, kurudisha shukrani, na picha yake ni nzuri: wema umekujia, nawe unaurudishia mwenyewe. Sioni sababu ya kuifuta kauli hiyo inapotajwa katika nukuu ya muumini. Pale ambapo mwandishi anasimulia kwa kalamu yake mwenyewe, kushukuru au kutoa shukrani kunatosha.

Lakini -toa nacho kina mitego yake, hasa kwa sababu hakijasahau maana yake ya kale ya kuondoa. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, maneno “kutoa pesa” yamezoeleka kama kuzichukua pesa zako kwa wakala. Hivyo “mweka hazina alitoa shilingi 50,000 za chama” ni sentensi yenye nyuso mbili. Alichanga au alichota? Katika taarifa kuhusu chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ambako kila shilingi inaulizwa, nyuso hizo mbili zinaweza kumpeleka mtu mkutanoni kupongezwa au kumpeleka kituoni kuhojiwa. Andika alichanga. Andika aliziondoa benki. Na ikiwa chama kimewapa wanachama fedha za mazao yao, kimewalipa, wala “hakijapeana malipo.”

Hospitalini pia. Anayejitolea kwa ajili ya wengine hutoa damu. Anayepimwa hutolewa damu. Aliyepungukiwa huongezwa damu. Aliyejikata kwa panga hutokwa na damu. Mgonjwa anayeambiwa na mhudumu mwenye haraka kwamba “leo utapeana damu” ana haki ya kutetemeka, kwa kuwa hajui kama ni tone la kupimwa au ni mfuko mzima.

Shamba lililotolewa

Ipo mifano ambayo uzito wake haupimwi kwa alama za mtihani. Katika mila za Wakikuyu mtu aliweza kupewa ardhi kwa namna kadhaa, na kila namna ilikuwa na jina. Mwana wa mwenye mbari aligawiwa sehemu yake. Mũhoi, neno linalotokana na kũhoya, yaani kuomba, alikuwa mtu aliyeomba mahali pa kulima akakubaliwa, akafaidi mavuno, lakini ardhi haikuwa yake. Wote wawili, kwa Kiingereza cha haraka, “were given land.” Kwa Kiswahili cha haraka, wote “walipewa shamba.”

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza kwamba wenyeji waliwapa Wazungu wa mwanzo mahali pa kukaa kwa haki ya muda, kama wapita njia, bila kudhani kwamba walikuwa wakiiachia ardhi yenyewe. Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Sir Morris Carter, iliyoteuliwa mwaka 1932 na ambayo ripoti yake ilichapishwa mwaka 1934, ilipokea ushahidi mwingi kuhusu nani alikuwa na haki gani juu ya ardhi ya Wakikuyu. Sitadai kwamba kitenzi kimoja ndicho kilichowanyang'anya watu mashamba. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria, askari na bunduki, na ingeyachukua hata kama wakalimani wangekuwa malaika. Hata hivyo, penye kutoa kwa namna tano, lugha yenye neno moja humpa mwenye nguvu nafasi ya kuchagua maana anayoitaka.

Kesi za urithi wa ardhi hazijaisha katika mahakama za eneo hili. Mwandishi anayeripoti kwamba “marehemu alipeana ekari mbili” hajatuambia kitu. Aligawa? Aliuza? Aliazima? Alimilikisha kwa hati? Kiswahili kina kukabidhi, kugawia, kurithisha, kumilikisha, kuazima, kukodisha na kutunuku, na kila kimoja kina matokeo yake kisheria. Ikiwa shahidi mwenyewe alisema “alipeana,” basi neno hilo liwekwe ndani ya alama za nukuu, mwandishi amuulize maana yake.

Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, lugha ya kutoa na kupokea iliingia katika kamba ya kunyongea. Kiapo cha Mau Mau kwa Kikuyu kilinywewa, kũnyua mũma. Kwa Kiswahili kiapo huliwa. Kwa Kiingereza huchukuliwa na mmoja na kutolewa na mwingine. Kanuni za wakati huo ziliifanya hatua ya kumlisha mtu kiapo kuwa kosa la kifo. Kati ya aliyekula na aliyelisha kulikuwa na silabi mbili tu, nayo maelezo ya mashahidi yalisafiri kutoka Kikuyu hadi Kiingereza, mara nyingine yakipitia Kiswahili, kabla ya kufika kwenye kumbukumbu ya hakimu.

Nayo kesi inayojulikana kuliko zote ilisikizwa hapa hapa Nyeri. Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Mwezi uliofuata alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu Sir Kenneth O'Connor, akishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi kinyume cha kanuni za Hali ya Hatari. Sehemu ya utetezi wake ilikuwa kwamba siku ile alikuwa anatoka msituni kwenda kujisalimisha. Si jambo lililozuka hewani. Tangu Agosti 1953 serikali ilikuwa imewahi kuwaita wapiganaji watoke wakiwa wamebeba tawi bichi, na mwaka 1955 ilitangaza mwito mwingine. Mahakama haikukubali maelezo yake. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Jalada la kesi, ambalo kwa miongo mingi halikuonekana, lilichapishwa kitabuni mwaka 2017 na mwanahistoria Julie MacArthur.

Anayefikiria kesi hiyo kwa jicho la lugha ataona kwamba swali zima lilikuwa juu ya kitenzi kimoja. Kwa Kikuyu ni kwĩneana, kujikabidhi mwenyewe. Kwa Kiingereza kinaweza kusemwa kwa “give” ikisindikizwa na “up.” Kwa Kiswahili ni kujisalimisha, neno lenye salama ndani yake, kana kwamba anayejileta anastahili kubaki hai.

Sasa chukua taarifa ya kawaida ya polisi kutoka mojawapo ya miji hii leo. “Mshukiwa alijipeana kwa maafisa.” Sentensi hii ina ji- inayosema kwamba alijitenda mwenyewe, na -an- inayosema kwamba alitendana na wenzake. Haiwezi kuwa vyote viwili. Anayetaka kuisahihisha kwa haraka ataandika “alijitoa,” na hapo atakuwa amezidisha tatizo, kwa sababu kujitoa ni kujiondoa, kama mwaniaji anayejitoa kinyang'anyironi, au ni kujitoa mhanga, ambalo ni balaa jingine. Akiongeza silabi moja aandike “alijitolea,” mshukiwa atageuka kuwa mfadhili. Neno ni alijisalimisha. Na iwapo hakwenda kwa hiari yake, basi alikamatwa, na msomaji aambiwe hivyo, maana hakimu atakayesikiliza ombi la dhamana atataka kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Mahakama za chini zinaweza kuendesha kesi kwa Kiswahili. Mkalimani anayeketi Karatina au Nanyuki husikia “nĩaheanire” mara nyingi kwa siku, naye ana sekunde chache za kuamua iwapo atamwambia hakimu kwamba mtu alitoa, alikabidhi, alichanga au aligawa. Kikuyu kinampa msaada kidogo hapa, kwa kuwa kina pia kũnengera, kumpitishia mtu kitu mkononi, na shahidi makini akilitumia hilo huwa amejieleza. Asiye makini husema kũheana tu.

Kwa upande wa magazeti, kanuni inayofuatwa katika dawati ni rahisi kuieleza. Ukimtaja mpokeaji, tumia -pa: serikali imewapa wakulima mbolea. Usipomtaja, tumia -toa: serikali imetoa mbolea. Ukitaka kukianza kitu chenyewe, mbolea imetolewa, wala si “imepeanwa.” Ukimwanza mpokeaji, wakulima wamepewa. Panapokuwa na pande mbili zinazobadilishana, na hapo tu, watu hupeana. Baada ya hapo jiulize kama nomino iliyo mbele yako inakitaka kweli kitenzi cha utoaji, au inataka kupigwa, kutiwa, kukatwa, au kuachwa iende zake peke yake.

Utingo wa matatu asiguswe. Abiria wake wanamwelewa, na mpaka sasa hakuna aliyepeleka nauli kwa jirani.